Mchele wa Meli

Kila asubuhi, kabla jua halijapata nguvu, Tindo alifagia uwanja wa nyumba yao. Alianzia mlangoni, akarudi kinyumenyume hadi kwenye lango la mabati ili asikanyage mahali alipokwisha kufagia. Ufagio wa njiti ulikwaruza mchanga, shwaa, shwaa, ukiacha mistari iliyolala pamoja kama nywele zilizochanwa. Alipomaliza, mama yake alitoka na kikombe cha chai, akautazama uwanja pembe hadi pembe, akasema, "Sawa." Mama hakuwa mtu wa kumwaga sifa. Neno hilo moja lilitosha kumpeleka binti shuleni kifua mbele.

Jina la Tindo alipewa na babu yake mzaa mama, aliyekuwa mwashi. Babu alisema mtoto huyu akikamata swali haliachi mpaka lipasuke, kama tindo na jiwe. Jina lake lingine lilitumika siku za mtihani tu.

Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili na kibaraza. Kibarazani baba alikuwa na cherehani yake na rundo la suruali za watu. Mama kazi yake ilikuwa chaza. Maji yalipokupwa, aliingia miambani na kisu kifupi, akawabandua mmoja mmoja na kuwaweka kikapuni, kisha akawauza mjini kabla ya mchana. Lakini sasa kikapu kilikuwa kimekauka hadi kikaanza kupasuka ukingoni, na mama alikuwa akizunguka nyumbani kama mtu aliyepoteza kitu asichokumbuka jina lake.

Sababu ilikuwa meli. Meli kubwa ya mizigo ilipanda mwamba nje ya mji siku ya mawimbi makali. Mabaharia waliokolewa wote, na baadaye meli yenyewe ikavutwa ikaenda zake. Hata hivyo, kontena kadhaa zilikuwa zimeanguka na kupasuka, na ndani yake mlikuwa na magunia ya punje za plastiki, zile ambazo viwandani huyeyushwa kutengenezea ndoo na mifuko. Punje nyeupe, ndogo, nyingi kuliko mtu anavyoweza kufikiri, zilitupwa ufukweni na kila wimbi. Watu wakaziita mchele wa meli. Ndege walizidonoa. Samaki walizimeza. Serikali ikapiga marufuku kuvua na kubandua chaza mpaka ufukwe usafishwe.

Wenye meli walikodi kampuni ya usafi, na kampuni ikawaomba wakazi na wanafunzi wasaidie. Siku ambayo mkaguzi wa mazingira angetia sahihi kwamba ufukwe ni safi, marufuku ingeondolewa na kampuni ingefunga virago. Chochote ambacho kingebaki mchangani baada ya hapo kingekuwa mali ya wakazi, wapende wasipende.

Msimamizi wa kampuni alikuwa kijana nadhifu ambaye hakuvua miwani ya jua hata akiwa kivulini. Watoto walimwita Bwana Miwani. Aliugawa ufukwe kwa kamba, kila kundi na kipande chake. Wengine waliokota punje kwa mikono, wengine kwa vijiko na reki. Darasa la Tindo, darasa la sita, walipata kipande cha katikati, na Tindo ndiye aliyetoa wazo.

"Kwani sisi hatujui kufagia?" aliwauliza wenzake. "Kila mtu aje na ufagio wa kwao!"

Wakaja nayo. Tindo akawapanga mstari mmoja, akawaongoza kwa sauti kama askari. "Kinyumenyume! Mstari usivunjike! Wewe Redio, funga mdomo, fagia!"

"Nafagia kwa mkono, mdomo uko huru," alijibu Redio, rafiki yake. Aliitwa hivyo kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzima.

Baada ya siku chache, kipande cha darasa la sita kiling'aa kuliko vyote. Magome, majani na punje za juu zote zilizolewa kwenye magunia, na mchanga ulibaki na mistari mizuri toka kamba hadi kamba. Bwana Miwani aliwaita watu wote waje wautazame.

"Hiki ndicho kipande cha mfano!" alisema huku akipiga makofi. "Kesho mkaguzi anakuja na wageni. Watasimama hapa hapa. Na shule yenye kipande bora itapewa tangi jipya la maji. Nani kiongozi wenu?"

Vidole vyote vikamwelekea Tindo.

"Safi sana, binti. Kesho utashika kipaza sauti, useme: Ufukwe wetu ni safi, tunawashukuru. Basi. Utaweza?"

"Nitaweza," alijibu Tindo, na kichwa kikamvimba kidogo. Nani kichwa chake kisingevimba? Shuleni kwao maji yalichotwa kwa jirani, na jirani mwenyewe alikuwa mtu wa kununa.

Alasiri ile, maharage yaliungua nyumbani. Baba alikuwa ameachiwa sufuria aitazame, naye akaitazama cherehani.

"Kaniletee mchanga nisugue hii sufuria," mama alisema. "Na baba yako asiachiwe hata maji ya kunywa ayachemshe."

"Nimesikia," baba alisema kutoka kibarazani.

"Ndiyo maana nimesema kwa sauti."

Tindo akashuka na ndoo, akachota mchanga katikati ya kipande chao, penye mistari iliyonyooka zaidi. Mama alikuwa na kawaida ya kuusuuza mchanga kabla ya kusugulia, utoke chumvi na takataka. Tindo akaimwagia ndoo maji hadi karibu na ukingo, akatia mkono, akakoroga.

Punje moja nyeupe ilipanda juu. Ikafuata nyingine. Kisha zikaja kwa pamoja, zikizunguka na maji, mpaka uso wote wa ndoo ukawa mweupe.

Mama aliacha sufuria. "Umechota wapi?"

"Kipandeni kwetu."

"Kile cha mfano?"

Tindo alizichota punje kwa kiganja, akaenda nazo uwanjani, akazimwaga chini pamoja na majani mawili matatu, kisha akachukua ufagio. Alifagia kama anavyofagia kila siku. Majani yalikimbia mbele ya njiti. Punje chache zilikwenda nayo. Nyingine zote zilitumbukia katika mistari ya ufagio, na mchanga laini uliosukumwa na njiti ukazifunika. Alipomaliza, uwanja ulikuwa mzuri kabisa. Alifukua kwa kidole akazikuta chini, zimelala kama mbegu.

Alihisi uso wake ukipata moto. Hawakuwa wamesafisha ufukwe. Walikuwa wameupanda plastiki, tena kwa mistari.

"Mwaga," mama alisema.

"Nini?"

"Mwaga hayo maji, Tindo. Nyuma ya nyumba. Kesho wanakuja kutia sahihi."

"Lakini mama, umeona mwenyewe!"

"Nimeona. Na kikapu changu pia nakiona, kila siku nakiona. Wakubwa wakisema ni safi, mimi ni nani niseme si safi?"

"Mwalimu ametuambia jua na mawimbi yatazisaga hizi punje ziwe unga. Na wewe uliniambia chaza hula kwa kunywa maji ya bahari siku nzima. Sasa unga huo utaingia wapi, mama?"

"Usinifundishe chaza!"

Cherehani ilinyamaza kibarazani. Baba akachungulia mlangoni na futi yake shingoni. "Mimi sijui habari za bahari," alisema. "Najua suruali. Ukimpa mteja suruali yenye tundu, atafurahi vizuri tu mpaka siku atakayoinama mbele ya wakwe."

"Mume wangu, rudi kwenye sindano zako."

"Narudi."

Mama akamgeukia binti yake. Sauti yake ilikuwa ya chini, na ilionyesha amechoka. "Nakwambia mwaga."

"Sitamwaga," alisema Tindo.

Katika nyumba ile, neno hilo lilikuwa halijawahi kusemwa mbele ya mama. Tindo mwenyewe alilisikia likitoka akashtuka, lakini hakulirudisha. Aliishika ndoo kwa mikono miwili akaikumbatia kifuani. Mama akaingia chumbani akaufunga mlango polepole. Afadhali angeubamiza.

Asubuhi Tindo aliondoka mapema, akamkuta mwalimu wa sayansi akifungua darasa. Akamweleza yote bila kujipunguzia kosa. Mwalimu alichukua ndoo ya darasani, wakashuka pamoja ufukweni, wakachota mchanga hapa na pale. Vipande vilivyookotwa kwa mikono vilikuwa na punje chache. Vilivyopigwa reki vilikuwa na nyingi. Kipande cha darasa la sita ndicho kilichokuwa kibaya kuliko vyote.

"Na mimi nilikuwa nimesimama hapa nawapigia makofi," mwalimu alisema, akipangusa mikono. "Twende kwa msimamizi."

Bwana Miwani alikuwa chini ya turubai akielekeza vijana wapange viti. Lori lilikuwa limeegeshwa kando, na mgongoni mwake lilibeba tangi jeusi, jipya, bado lina karatasi ya kiwandani. Alisikiliza huku akitikisa kichwa, kisha akatabasamu.

"Mwalimu, mchanga ni mchanga. Ukiuchimba sana hutakosa kitu. Mkaguzi anatazama kwa macho, hachimbi. Sisi tumefanya kazi hapa, tumechoka, watu wanataka kurudi baharini. Tusiharibu shughuli."

"Lakini punje zipo," alisema Tindo.

"Binti, wewe umepewa sentensi moja tu."

"Siwezi kuisema."

Tabasamu la Bwana Miwani likapungua. "Unaliona lile tangi? Ni la shule yenye kipande bora. Kama hakuna kipande bora, lori linarudi nalo. Wewe ndiye utakayewaeleza wenzako kwa nini wanaendelea kubeba ndoo. Mimi simo."

Walipotoka pale, Tindo alimtazama mwalimu wake. Alitamani aambiwe la kufanya.

"Sitakuambia useme uongo," mwalimu alisema. "Na kama unaogopa, nipe mimi kipaza sauti, nitasema. Si aibu."

"Naogopa," alisema Tindo. "Lakini kufagia nilifundisha mimi. Nitasema mimi."

Habari ilifika kwa wenzake kabla yake, maana Redio alikuwa amesikia akiwa nyuma ya turubai. Wakamzunguka kwenye kipande chao.

"Tangi, wewe! Tangi!" Redio alisema, mikono kichwani. "Umeliona lilivyo kubwa? Mimi naweza kuishi mle ndani!"

"Anataka sifa peke yake," alisema mvulana mmoja mrefu waliyemwita Ngazi. "Jana alisifiwa kwa kufagia, leo anataka asifiwe kwa kutofagia."

Wengine wakacheka. Tindo akawageukia. "Kama kuna mtu anaweza kuchimba hapa asikute kitu, achimbe sasa hivi. Nitasema ni safi, tena kwa sauti."

Hakuna aliyeinama. Ngazi alichora chini kwa kidole cha mguu, akaona weupe, akaufukia haraka.

"Si umeona?" Tindo akamwuliza.

"Sijaona kitu," alijibu Ngazi, akageuza uso.

Wageni walifika jua likiwa limepanda. Watu walikuwa wengi: wavuvi, wachuuzi, wazazi. Nyuma kabisa, karibu na rundo la maboya ya zamani, Tindo alimwona mama yake amesimama na wenzake wa kubandua chaza, mtandio umefungwa kiunoni, uso hausomeki. Mkaguzi wa mazingira alikuwa mama mnene mwenye viatu vya mpira, asiyependa viti. Alisimama muda wote Bwana Miwani alipokuwa akihutubia, akiutazama mchanga.

"Na sasa," alisema Bwana Miwani, "tumsikie kiongozi wa kipande cha mfano. Sentensi moja tu, maana watoto wana njaa."

Watu wakacheka. Tindo akapokea kipaza sauti.

"Shikamooni wazazi wangu," alisema. "Ufukwe huu si safi. Na kipande hiki mnachokisifu ndicho kichafu kuliko vyote, maana ndicho tulichokifagia sana."

Minong'ono ikapanda. Bwana Miwani alimnyang'anya kipaza sauti huku akicheka kwa meno tu. "Watoto hawa! Jamani, mwacheni, ameogopa watu."

"Sijaogopa watu," alisema Tindo, sasa kwa sauti yake mwenyewe, na sauti hiyo ilifika mbali kuliko ile ya mashine. "Punje ziko chini. Nina ndoo ya darasani hapa. Nitawaonyesha."

"Ndoo aliyokuja nayo mwenyewe!" alisema Bwana Miwani kwa haraka. "Nani ajuaye ametia nini humo? Ndugu zangu, huyu amekuja na punje zake."

Mtu mmoja katika umati akapiga mbinja. Mwingine akasema, "Mtoto gani huyu hana adabu?" Maneno hayo yalimchoma Tindo kuliko jua. Akaigeuza ndoo juu chini mbele ya watu wote. Ilikuwa tupu. Akaiweka miguuni pa Bwana Miwani.

"Basi chagua wewe," alisema. "Popote unapopenda. Uchimbe wewe, mkono wangu usiguse."

Bwana Miwani akatazama mchanga, akatazama viatu vyake vilivyong'arishwa. Hakuinama.

"Nipisheni," alisema mkaguzi. Alitembea hatua kadhaa kwenye mistari mizuri, akachimbua kwa kisigino. "Hapa." Akajaza ndoo kwa mikono yake, akamwita mvuvi mmoja alete maji ya bahari, yakamiminwa mpaka juu.

Watu wakasogea. Juu ya maji kulikuwa na povu na unyoya mmoja. Povu lilipasuka. Hakuna kingine.

"Haya!" Bwana Miwani akapiga kofi. Kicheko kikasambaa. Redio alijifunika macho.

Tindo akakumbuka yeye mwenyewe alivyofanya nyumbani. "Mama mkaguzi, mchanga haujakorogwa," alisema. "Punje zimekaliwa nao. Tia mkono hadi chini."

Mkaguzi akakunja mkono wa shati, akatia mkono hadi kiwikoni, akakoroga. Alipoutoa, ulikuwa umevaa punje nyeupe kama upele, na ndoo nzima ilikuwa imejaa mchele wa meli.

Hakuna aliyecheka tena. Bwana Miwani ndiye aliyekuwa wa kwanza kupata maneno. "Sawa, lakini mmemsikia mwenyewe. Ni watoto waliofagia vibaya! Kampuni haihusiki."

"Ndiyo, tulifagia vibaya," alisema Tindo. "Mimi ndiye niliyewafundisha wenzangu. Mifagio tulileta wenyewe. Kosa hilo ni letu, na kazi tutairudia hadi iishe. Lakini leo asubuhi wewe uliambiwa. Ukasema mkaguzi hachimbi."

"Mwongo!"

"Nilikuwepo," alisema mwalimu.

"Na mimi nilisikia," ilisema sauti nyembamba. Alikuwa Redio. "Nilikuwa nyuma ya turubai. Nilikuwa nalitazama tangi," akaongeza, kana kwamba hilo ndilo lililohitaji maelezo.

Ndipo umati ukapasuka katikati. Mama alikuja mbele na beseni kubwa lililojaa mchanga na maji, na nyuma yake wakaja wenzake, kila mmoja na lake. Walikuwa wamechota miambani alfajiri, mahali ambapo watoto hawakufagia wala reki haikufika. Wakayaweka mabeseni chini, mstari mmoja, mbele ya viti vya wageni. Yote yalikuwa meupe.

"Mimi nabandua chaza hapa," mama alimwambia mkaguzi. "Hakuna anayetaka ufukwe ufunguliwe kuliko mimi. Na mimi nasema usitie sahihi."

"Usitie!" walisema wenzake.

Mkaguzi alifunga kalamu yake akaitia mfukoni. "Sitii," alisema. "Kampuni haiondoki hapa. Na huyu aliyejua akanyamaza, walete mwingine mahali pake."

Lori liliondoka na tangi. Darasa la sita lote lilisimama likilitazama mpaka likapotea kwenye kona, na hakuna aliyemtazama Tindo.

Kazi ilianza upya, na safari hii haikuwa ya kupendeza macho. Msimamizi mpya alileta pampu na mapipa. Mchanga ulitiwa kwenye mapipa, ukamwagiwa maji ya bahari, ukakorogwa kwa mti, na kilichoelea kikachujwa. Vichujio vya kwanza vilikuwa na matundu makubwa, punje zikapita. Baba akatazama, akakuna kidevu, akaenda kushona mifuko ya kitambaa cha pazia jembamba kwenye pete za waya. Watu walimuuliza kama ni chandarua au kofia ya bibi harusi. "Ukileta kichwa nitakupima," aliwajibu, huku akishona.

Ufukwe uligeuka mashimo na matope. Hapakuwa na mstari hata mmoja mzuri. Kwa siku kadhaa wenzake walifanya kazi na Tindo bila kumsemesha. Kila walipopita kwa jirani kuchota maji ya shule, Ngazi aliweka ndoo yake chini na kusema, "Tunamshukuru kiongozi wetu." Tindo akabeba ya kwake. Hakuomba radhi kwa ajili ya tangi. Kwa ajili ya mifagio aliomba, mara moja, mbele ya darasa lote, na hakurudia.

Redio ndiye aliyeshindwa kunyamaza wa kwanza. Walikuwa wakikoroga pipa moja, kila mmoja upande wake, ghafla akatupa mti chini. "Basi mimi nakufa!" alisema. "Nina maneno ya wiki nzima hapa kooni. Nikwambie au niyameze?"

"Sema," alisema Tindo, na wote wawili wakacheka hadi msimamizi mpya akawakemea.

Ufukwe ulifunguliwa kidogo kidogo, kipande baada ya kipande, na kabla ya kila kimoja kufunguliwa mkaguzi alichimba mwenyewe, akakoroga mwenyewe. Kisha wataalamu wakapima chaza, wakasema wanafaa kuliwa. Siku ya kwanza ya mama kurudi miambani, Tindo alikwenda naye kumbebea. Maji yalikuwa yamekupwa mbali. Mama alibandua chaza wa kwanza, akamshika kiganjani bila kumtia kikapuni.

"Siku ile nilikwambia umwage maji," alisema.

"Yamekwisha, mama."

"Hayajaisha, sikiliza. Nilitaka uchafu usionekane. Sikutaka uondoke, nilitaka usionekane tu, nipate kurudi kazini. Usiku ule sikulala kwa sababu ya neno lako. Nilikuwa na hasira nawe, na hasira yenyewe ilikuwa inanidanganya. Kukataa uongo wa mtu mwingine, mwanangu, wengi wanaweza, tena watapigiwa makofi. Wewe ulianza na kosa lako mwenyewe, ukalitaja mbele za watu. Ndiyo maana yule bwana alikosa pa kukushika. Kazi ukiifanya vibaya, sema, kisha uirudie. Ukiificha, ujue kuna mtu atakuja kuila." Akamtia chaza kikapuni. "Lakini neno la kukataa, nyumbani kwangu, usilizoee."

"Sitalizoea," alisema Tindo.

"Liweke mahali pake."

Majuma machache baadaye upepo mkali ulivuma kutoka baharini, na asubuhi yake punje chache nyeupe zilikuwa zimetupwa tena kwenye ukingo wa maji. Darasa la sita walikuwa wakipita kwenda shule. Mchuuzi mmoja aliyekuwa akipanga bidhaa zake akawaambia, "Achaneni nazo hizo, watoto. Ni chache, nani atazijua?"

"Sisi tunazijua," alijibu Ngazi, akavua viatu. Akainama wa kwanza, na wote wakainama.